Proforma Nyuma ya Ukuta

Karani wa karakana yetu ya milango, hapa Bungulu, hatumi proforma, yaani karatasi ya makadirio ya bei, kwa mteja kabla ya kujitumia mwenyewe. Huchukua simu yake yenye kioo kilichopasuka, huenda nyuma ya ukuta ambako réseau, mtandao wa simu, ni hafifu, na kusubiri hadi ifunguke. Patron, mwenye karakana, hupenda kutuma lien, kiungo cha kubofya mtandaoni, kwa sababu humwonyesha nani amefungua.

“Ule directeur wa masomo kule Kasugho, umutumie lien,” patron alimwambia wiki iliyopita.

“Hapana, patron. Réseau anaipataka ku mulima, na bazazi ba banafunzi, benye kulipa, banamungojea chini.”

Akaiambatisha proforma yenyewe kwenye barua pepe, ili ikishapakuliwa isomeke hata bila réseau.

Siku tatu hakuna jibu, patron akanuna. Siku ya nne directeur akashuka kwenye pikipiki mbele ya karakana. “Bazazi bote balishaisoma. Mutufanyie ile milango.”

Patron akamtafuta karani. Alikuwa nyuma ya ukuta, simu juu, akingoja proforma ya mteja mwingine ifunguke.