Amina ya mama mkwe

Leo mama mkwe ameniombea mikosi izidi, na mimi nimeitikia Amina.

Asubuhi gesi iliisha maharage yakiwa hayajaiva.
Nikatoka kununua mkaa, kandambili ikakatika njiani.
Nikarudi peku, nikakuta mwanangu anaosha simu yangu kwenye ndoo. Kwa sabuni.

Mama mkwe, aliyetutembelea kutoka kijijini, akasema, "Pole, mwanangu."

Hapo ndipo nikajifanya msomi.
"Asante, mama. Waingereza kwa mambo kama haya wana msemo wao: mvua ikianza, inamwagika."

Sasa huyu mama ni mkulima. Mahindi yake yamesinyaa shambani, na tangu afike kwetu Buswelu kazi yake ni kuangalia mawingu.
Akafumba macho, akainua mikono.
"Amina! Na imwagike, mwanangu. Imwagike mpaka useme basi."

Nikataka kumweleza kwamba kwa Waingereza hiyo mvua ni balaa juu ya balaa.
Ningeanzia wapi? Mtu ameshainua mikono.
Nikaitikia, "Amina, mama."

Saa nane ikashuka. Mvua ya Mwanza mnaijua.

Mama mkwe yuko uani, amelowa chapachapa, anapiga vigelegele.
Mimi niko mlangoni. Dagaa wangu wa biashara, niliowaanika asubuhi kwenye turubai, wanaelea kwenda kwa jirani.

Akanigeukia anacheka. "Unaona? Umesema, na Mungu kasikia!"

Wenye mashamba, njooni inboksi.
Wenye nguo kambani, mnisamehe.