Mwenye Madoadoa

Mnaniuliza kwa nini sisi Waswahili wa soko la vitambaa la Zhongda, huku China, hatusemi "chui", tunasema "madoadoa". Nitawaambia, lakini nikimaliza asiniambie mtu nisamehe. Mimi Joyness sisamehe.

Neno hilo aliliingiza Herieth, Mnyakyusa wa Tukuyu. Mwaka wa kumi na tisa huu yuko Guangzhou, anawatafutia vitambaa wafanyabiashara wa nyumbani. Kwao mwanamke hataji jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo, wala hakutani naye uso kwa uso. Sasa baba mkwe wake alibatizwa Abeli, ila Tukuyu nzima ilimjua kama Mzee Chui. Na kitambaa kisichokosa mnunuzi mwaka mzima ni kipi? Cha chui. Angefanyaje maskini? Akawa anaomba "mwenye madoadoa". Malaoban, wenye maduka, wakalidaka, Wakenya nao wakalidaka, na leo mteja akipiga simu kutoka Kahama au Nairobi anaagiza madoadoa, wala hajui kwamba anamheshimu mkwe wa mtu.

Nilimcheka sana. Tulipanga chumba kimoja mtaa wa Kangle, juu ya mafundi cherehani. Mumewe Jonas alirudi nyumbani miaka mitano iliyopita kumuuguza baba yake, na kila alipopiga simu ya video mzee akipita nyuma, Herieth alikuwa anaifunika simu kwa kitenge. Nikamwambia, mama, huyo mzee yuko Tukuyu, hata hakuoni. Akanijibu kwamba heshima si ya kuonekana.

Mimi nilisoma Kijerumani Mlimani, nikakifundisha miaka miwili, kisha njaa ikanileta huku kuuza magauni. Kijerumani changu hakijanifaa kitu hapa ila siku moja tu, nilipomweleza Herieth kuhusu dubu. Wajerumani wanamwita Bär, Waholanzi beer, Waswidi björn, na wataalamu wanasema ukiyafukua yote yanarudi pale pale: yule wa rangi ya kahawia. Mababu zao waliogopa kumtaja, asije akasikia akaja. Wakamkwepa hivyo vizazi na vizazi, hadi jina lake la kwanza likawapotea kabisa. Herieth alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe na wao walikuwa wakwe zake," akasema.

Mwezi wa tatu Mzee Chui akafa. Herieth akakata tiketi siku hiyo hiyo, akanunua kitambaa cheupe cha mazishi, kizuri kupita vyote vya Zhongda, akampigia wifi yake kusema anakuja. Nilikuwa nimekaa naye kitandani, simu ina sauti kubwa, nikasikia kila kitu.

"Usijisumbue, Herieth. Mkwe wa mzee yupo, ndiye aliyemuuguza."

Hakumwita hata wifi. Jonas alikuwa ameoa mwanamke mwingine, mwaka wa tatu sasa, na ng'ombe wa mahari alitoa mzee mwenyewe. Wamo kwenye nyumba aliyoijenga Herieth, kuanzia msingi hadi bati, na kitanda alichofia mzee ni chake. Asante ya punda ni mateke, sawa, lakini punda ni mnyama, hawa walikaa kanisani mstari wa mbele! Herieth akauliza jambo moja tu: huyo mwenzangu alikuwa anamwitaje mzee? Wifi akasema bila haya kwamba alikuwa anamwita Mzee Chui, mbele yake, na mzee anacheka.

Mimi nikalia kwa hasira. Yeye hakulia. Alikikunja kile kitambaa cheupe, akakirudisha kwenye mfuko.

Asubuhi akaniambia twende Zhongda. Tukaenda kwa laoban wake wa miaka kumi na miwili, mama mmoja mpole ambaye humwekea Herieth kiti kabla hajasalimia. Safari hii Herieth hakukaa. Alisimama mbele ya rafu.

"Chui," akasema. "Nataka chui."

Laoban akamtazama, akamwomba arudie. Akarudia, safari hii kwa sauti, hadi watu wa duka la jirani wakageuka. Laoban akafikiri, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Meiyou," akasema. Hakuna.

Kisha, kwa kuwa hapendi mteja wake aondoke mikono mitupu, akavuta jora la kitambaa cha chui lililokuwa usawa wa kifua cha Herieth kabisa, akalipigapiga kwa kiganja na kumtabasamia. "Madoadoa," akasema. "Madoadoa ipo."

Herieth akaligusa lile jora, akaniangalia.

"Joyness," akasema, "hata hapa nimechelewa."