Verna Stupak na Mrushaji wa Wahunzi

Wapo waliomchukia Colby Marsteller kwa sababu ya pombe waliyokunywa, na wapo waliomchukia kwa sababu jirani zao walimchukia. Verna Stupak alimdharau akiwa na akili zake timamu, hajaonja kitu zaidi ya kahawa, na tofauti hiyo aliiona ni heshima yake.

Marsteller alikuwa mrushaji wa Wahunzi, timu ya mjini ya mpira wa Kimarekani, yule ambaye kila shambulizi huanzia mkononi mwake na lawama zote huishia kichwani mwake. Alikuja kutoka Nebraska akiwa ametanguliwa na sifa nyingi, mabega mapana, meno meupe, na wenye timu wakamtambulisha kama vile wamempata aliyetembea juu ya ziwa. Huu ulikuwa msimu wake wa tatu, na Wahunzi walikuwa mkiani. Picha yake kubwa ilikuwa bado imebandikwa kando ya barabara ya kuingilia mjini, amelala juu ya godoro la kampuni fulani, anatabasamu. Verna kila alipopita pale alisema ndiyo kazi pekee aliyowahi kumwona akiifanya vizuri.

Yeye mwenyewe alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye mikono mikubwa na macho madogo, na alifanya kazi kwenye kaunta ya nyama katika duka la vyakula la mtaani kwao, kaskazini mwa Ohio, karibu na tanuri la chuma lililozimwa zamani. Marehemu mumewe, Walt, alimwachia nyumba, mbwa asiye na adabu, na viti viwili uwanjani, upande ambao upepo wa ziwa huingia mpaka kwenye mifupa. Kiti kimoja alikikalia yeye. Cha pili alimpa Emil, mdogo wake Walt, fundi mabomba mstaafu wa kiwanda cha lile tanuri, alikofanya kazi pamoja na Walt, mtu mpole kiasi cha kukera. Emil aliwahi kung'atwa na yule mbwa, akamwomba mbwa radhi.

Kila Jumapili ya mechi nyumbani, tangu asubuhi, walikuwa kwenye uwanja wa kuegeshea magari pamoja na mashabiki wengine. Verna aliwasha jiko lake la mkaa, akachoma soseji, akapasha kabichi chachu kwenye sufuria, na watu wakaja na sahani zao za karatasi. Hapo ndipo Marsteller alipochambuliwa kabla hata hajavaa kofia ngumu.

"Ana mkono mzuri, shemeji," Emil alisema asubuhi moja ya Novemba, mdomo umejaa soseji. "Tatizo ni wanaomlinda. Hapewi nafasi ya kupumua."

"Mkono mzuri hata mimi ninao," Verna alisema. "Nakatia nyama. Sijamwambia mtu anijengee uwanja."

"Kijana anajifunza."

"Anajifunza nini? Mechi iliyopita amewarushia wapinzani mara nyingi kuliko wenzake. Labda ndio marafiki zake. Anatupa mpira kama mtu anayemwaga maji machafu dirishani, haangalii nani anapita."

Watu wakacheka. Verna hakucheka. Aligeuza soseji zake na kusonya, na msonyo wake ulikuwa maarufu pale. Ulikuwa mrefu, mkavu, na mtu aliyesonywa nao alijikuta anajiangalia kama amefunga vifungo vyake sawasawa.

Duane Kettering ndiye aliyeleta wazo la kura. Alikuwa muuza magari, mwenye sauti ya kuuzia hata gari lisilo na injini, na alipenda kuonekana ameanzisha jambo. Alipanda juu ya sanduku la barafu akatangaza kwamba wanaotaka Marsteller abaki wakasimame kwenye gari la Emil, na wanaotaka afukuzwe waje kwenye jiko la Verna.

Haikuchukua muda. Umati wote ulijaa kwenye jiko. Emil alibaki peke yake kando ya gari lake kuukuu, sahani mkononi, anatabasamu kama aliyealikwa kwenye harusi ya watu asiowajua. Mama mmoja alikwenda akasimama nyuma yake, Emil akachangamka, kumbe mama yule alidhani ni foleni ya choo. Alipoelezwa alirudi haraka, huku akiangalia kama kuna aliyemwona.

"Shemeji, njoo huku, usijitie aibu," Verna alimwita.

"Nipo sawa hapa," Emil alisema. "Hapana moshi."

Mechi yenyewe ilianza vibaya kisha ikaharibika. Marsteller alirusha mpira wa kwanza ukadakwa na mtu wa wageni ambaye hakuwa na haja hata ya kukimbia, alisimama tu akauchukua kama anayepokea mkate dukani. Uwanja ukazomea. Alipouachia mwingine hivyo hivyo, watu walianza kuvaa mifuko ya karatasi ya dukani kichwani, imetobolewa matundu ya macho, kuonyesha wanaona haya kujulikana kuwa mashabiki wa timu ile. Duane, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma yao, alikuwa wa kwanza. Mfuko alikuwa amekuja nao tayari.

"Mtoeni," Verna alipiga kelele. "Mtoeni akauze magodoro."

Muda mfupi kabla ya mapumziko, Marsteller alirudi nyuma kutafuta wa kumrushia. Alitafuta mno, kama kawaida yake. Beki wa wageni, jitu la watu, alimjia kutoka upande asioutazama, akambeba na kumbwaga, na mguu wake wa kushoto ukabaki chini yao umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Mpira ukamtoka ukabingirika peke yake.

Uwanja ukashangilia.

Si kwamba alishangilia mlevi mmoja pembeni. Sauti ilipanda kutoka pande zote kama wakati wa kuvuka mstari wa ushindi. Verna alikuwa amesimama. Mikono yake ilikuwa imekwisha piga makofi mara mbili alipomwona Marsteller anajaribu kukaa na kushindwa, anashika nyasi kwa vidole. Alishusha mikono akaiangalia ndani ya glavu zake kama mikono ya mtu mwingine, mtu asiyempenda.

Nyuma yake Duane alianza kuimba wimbo wa kuaga, ule wanaoimbiwa wageni wakifungwa, na safu nzima ikaupokea.

Emil alikunja blanketi lake taratibu. "Shemeji, nakusubiri garini," alisema. Hakumwangalia. Akashuka ngazi akiwaomba watu nafasi, mmoja mmoja, kwa adabu ileile ya kukera.

Madaktari walimpandisha Marsteller kwenye kigari. Alikuwa amejifunika macho kwa mkono. Wimbo ulikuwa bado unaendelea. Verna aligeuka, akapanda ngazi moja mpaka usawa wa Duane.

"Vua huo mfuko," alisema.

"Nini tena, Mama Verna?"

"Vua nikuone uso. Nataka kujua naongea na nani."

Duane aliuvua, uso wake mwekundu unacheka. "Si wewe mwenyewe asubuhi nzima unasema atolewe? Basi katolewa."

"Nilisema atolewe. Aondoke kwa miguu yake, kafyata mkia, akae benchi nimtazame mpaka aone aibu. Sikusema avunjwe."

"Na makofi yale? Nimekuona, mama. Usijifanye mtakatifu hapa."

Watu wa safu ile walikuwa wameacha kuimba wanasikiliza. Verna aliona vichwa vya karatasi vimemgeukia, vitundu vyeusi pale palipopaswa kuwa na macho, na akawaona jinsi walivyo: watu wazima, wengine babu za watu, wamejificha ndani ya vifungashio vya mboga ili wamzomee aliyevunjika mguu.

"Nilipiga," alisema. "Najidharau kwa hilo, na sitasahau. Ila mimi niliacha. Wewe unaimba, na huna hata sauti."

Alichukua mto wake wa kukalia akashuka. Katika maisha yake hakuwahi kuondoka uwanjani kabla ya mwisho, hata mwaka ule wa tufani ya theluji ambapo hawakuuona mpira wenyewe.

Emil alikuwa ndani ya gari, amewasha kipasha joto, redio ameizima. Verna aliingia akafunga mlango. Walikaa wanaangalia mgongo wa basi la mashabiki lililoegeshwa mbele yao.

"Haya, sema," Verna alisema.

"Sina la kusema."

"Wewe kila siku una la kusema. Sema."

Emil alisugua kioo kwa kiganja. "Unakumbuka bomba la mvuke lilipopasuka kule kiwandani, nikaungua mguu?"

"Nakumbuka. Nilikuwa nakuletea supu."

"Zamu ilisimamishwa, watu wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Nilikuwa nimelala pale sakafuni, nikasikia wanashangilia. Si kwa ubaya. Jua lilikuwa linawaka nje, na wao walikuwa wamechoka." Akasugua kioo tena. "Nilizijua sauti zao. Niliendelea kula nao chakula cha mchana miaka yote ile."

Verna alitaka kuuliza, akaogopa, kisha akauliza. "Walt alikuwepo?"

"Walt ndiye aliyenibeba."

Verna aliitikia kwa kichwa. Alivua glavu akazitupa juu ya dashibodi. Alikuwa ameolewa na Walt miaka mingi, wakagombana kwa kila kitu kuanzia siasa mpaka chumvi, na hakuwahi kusimuliwa jambo hilo.

"Na wewe hukuwahi kuwasema," alisema baadaye. "Hata mmoja."

"Ningesema nini?"

"Mengi. Ungenipa majina tu, mimi ningesema." Alifikiri. "Bado unaweza kunipa."

Emil alicheka kidogo, akawasha gari.

Mechi iliyofuata nyumbani ilikuja na theluji nyepesi. Marsteller angekaa nje msimu wote, mguu kwenye plasta, na sasa ubishi ulikuwa kama timu imwongezee mkataba au iachane naye. Duane alipanda tena kwenye sanduku lake la barafu, hana aibu hata chembe. Wanaotaka abaki, kwa Emil. Wanaotaka aende, kwa jiko la Verna.

Verna alishika jiko lake kwa masikio mawili, likiwa na moto na soseji zake, akalivuta kwenye theluji mpaka kando ya gari la Emil. Mkaa mmoja ulianguka ukatoa mvuke. Akarudi kuchukua sufuria ya kabichi.

"Mama Verna, umepotea njia?" Duane aliuliza.

"Sijapotea. Naona vizuri sana kutoka hapa."

"Kwa hiyo sasa Marsteller ni mzuri?"

"Marsteller ni mbovu. Ni mbovu kuliko gari ulilomuuzia padri. Nimesimama hapa kwa sababu ya harufu ya huko kwenu."

Duane alishuka kwenye sanduku lake. Kisha watu wakaanza kuvuka, mmoja, halafu wawili, halafu kundi, wanatazama chini kama waliodondosha funguo. Emil aliwapokea kwa furaha, akawapa mkono, akamnong'oneza Verna, "Unaona, shemeji? Watu wana moyo."

"Wana njaa," Verna alisema. "Soseji ziko huku." Akamkazia macho wa kwanza aliyenyoosha sahani. "Wewe ulikuwa na mfuko. Kaa mwisho wa foleni."

Walipokuwa wanapanda ngazi kwenda kwenye viti vyao Emil alimuuliza kama kweli sasa anataka kijana abaki.

"Simtaki," Verna alisema. "Wenye timu wakinipigia simu leo nitawaambia wamfukuze kabla ya chakula cha usiku. Lakini sitalisema hilo nikiwa nimesimama bega kwa bega na wale."

Hawakumpigia. Mwezi wa Machi walimwacha Marsteller wenyewe, kwa tangazo fupi lililosomwa redioni katikati ya habari za hali ya hewa. Verna alikuwa anakata nyama ya moshi. Alisimamisha mashine akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea. Hakuhuzunika. Alisema kwa sauti, ingawa kaunta haikuwa na mteja, kwamba wamechelewa miaka miwili na kwamba wenye timu ile wasingeweza kuendesha hata kibanda cha limau.

Siku ileile Duane aliingia dukani, amevaa fulana ya Wahunzi juu ya shati la kazini, anapiga mluzi. Alikuwa anaandaa karamu ya kusherehekea kufukuzwa kwa Marsteller, na alitaka nyama ya moshi, nyembamba, ya kutosha watu ishirini.

"Imekwisha," Verna alisema.

Duane aliangalia nyuma yake. Paja zima lilikuwa linaning'inia kwenye ndoano, limeng'aa. "Na ile?"

"Ile ina mwenyewe."

"Nani?"

"Mtu mwenye uso," Verna alisema, akafuta mikono kwenye aproni, akamwita mteja aliyefuata.

Duane alimwendea meneja. Meneja alikuja, akamtazama Verna, akamtazama Duane, akakumbuka nani hufungua duka alfajiri na barafu mlangoni, akasema kwa masikitiko kwamba ikiwa kaunta imesema imekwisha basi imekwisha.

Jumamosi Verna alilinunua paja lile kwa bei yake akalipeleka kwa Emil. Walikula jikoni, na haradali kali na mkate mweusi, mbwa yuko chini ya meza anasubiri kosa. Gazeti lilikuwa wazi kwenye picha ya mrushaji mpya, kijana wa Tennessee ambaye hakuwa bado amegusa mpira wa Wahunzi. Emil alisema ana sura ya uaminifu. Verna aliivuta picha karibu, akaitazama kwa muda mrefu huku anatafuna, akasema shingo yake haimpendezi hata kidogo.