Mchuzi Juu ya Sepetu

Mama mdogo wangu ndiye aliyekuwa akifua bendera ya mji. Alikuwa dobi wa manispaa, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyoliwa na sabuni na ulimi usio na breki. Bendera ililetwa kwake pamoja na mapazia na vitambaa vya meza, nayo ilimwambia mengi kuhusu wakubwa. Mara ina kamasi, mara alama ya kiatu. Kuna siku walikuwa wameifutia kiti cha mgeni wa heshima. Alisonya, akafua.

Maana ya bendera hiyo tulikaririshwa sote shuleni. Mji huu ulianza na kipindupindu. Watu walikufa nyumba kwa nyumba, maji machafu yakipita milangoni, mpaka waliobaki wakashika sepetu na kuchimba mitaro wenyewe. Ndiyo maana kahawia ya chini ni udongo ule, bluu ya juu ni maji safi, na katikati zimepishana sepetu mbili. Waasisi wakaacha na agizo: mfanyakazi wa mji akifia kazini, jeneza lake lifunikwe kwa bendera hiyo.

Mume wa mama mdogo alikuwa mzibuaji wa mitaro. Tulimwita Baba Mtaro, naye akiitika kwa kicheko. Kila jioni alioga uani kabla hajagusa mlango wa nyumba yake.

"Nikifia humo," alikuwa akimtania mkewe, "na mimi nitakuwa mkubwa kwa nusu saa. Uipige pasi vizuri, mama."

Akafia humo kweli. Hewa chafu ya mtaro mkubwa ilimzidi, akatolewa amelegea, hakuamka tena. Mama mdogo hakutaka hotuba wala shada la maua. Alitaka kitu kimoja tu, bendera ile, na alikuwa ameifua mwenyewe juma lililotangulia.

Asubuhi ya mazishi, karani wa manispaa akaja na mfuko wa plastiki. Mama mdogo akaupokea kwa mikono miwili, akaikunjua bendera mbele ya jeneza. Mchuzi! Ulikuwa umeganda juu ya sepetu, na pembeni kuna alama za vidole vya mafuta na rangi ya mdomo. Walikuwa wameitandika mezani kwenye sherehe ya meya.

"Samahani, mama, kulikuwa na shughuli," karani akasema, uso mkavu. "Lakini si wewe ndiye dobi? Ipitishie maji haraka haraka, jua lipo."

Nilitaka kumrukia, kaka yangu akanishika. Mama mdogo aliikunja bendera pembe kwa pembe, kama alivyozoea, akairudisha mfukoni.

"Mwanangu, huyu alizoa uchafu wenu maisha yake yote, na kila jioni aliuacha nje ya mlango. Leo ameshaoshwa. Rudi nao."

"Lakini mama, mpiga picha wa meya yuko njiani..."

"Mwambie apige picha mchuzi."

Karani akaondoka na mfuko wake. Mama mdogo akaingia chumbani, akatoka na shuka la kitanda chao, akawasha pasi. Alilinyoosha shuka lile mbele ya waombolezaji wote, polepole, mpaka pindo la mwisho, machozi yakidondoka na kukaukia chini ya pasi. Kisha akamfunika mumewe.