Kanga Iliyofuliwa Kabla ya Kuvaliwa

Alhamdulillahi, nimeishi mpaka wajukuu zangu wamehitimu Kurani mbele ya macho yangu. Neno moja tu sikulipata, nalo lilinikaribia sana.

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa mwigizaji katika kikundi kidogo cha Ilala. Kila mchezo nilipewa kupita na sinia, nisiseme kitu. Siku moja wakaja watu wa filamu kutafuta mwanamke wa kuigiza mama anayechemsha maji ya kunywa. Walitutembeza mmoja mmoja, ndoo kichwani. Nilipopita mimi, mpiga picha akasema, "Basi, huyu."

Mwendo ule sikuzaliwa nao. Nilifunzwa na somo yangu, mwanamke wa Kariakoo aliyenitia ndani nilipovunja ungo, akanifundisha kukaa, kutembea na kusema na watu. Kwetu somo ni mama wa pili. Ukikutana naye popote, unainama na kumbusu mkono. Yeye alikuwa akiishi kwa kuwafulia watu nguo.

Filamu ilionyeshwa mjini alasiri, onyesho la wanawake peke yao, ukumbi umejaa mabuibui. Nilipotokea na ndoo yangu, vigelegele vikapigwa. Tulipotoka nje nikazungukwa na mabibi wenye dhahabu, wananishika mashavu. Mara somo yangu akapenya katikati yao, kanga zimepauka, mikono imechujuka kwa sabuni.

"Mwari wangu! Mmeuona mwendo huo? Kazi yangu hiyo!"

Bibi mmoja akaniuliza, "Nani huyu, mwenzetu?"

Nikasema, "Anatufulia nguo nyumbani."

Somo alijitanda kanga yake vizuri, akaondoka.

Siku tatu chakula hakikupita. Ya nne nikanunua doti ya kanga, nikaenda kumwomba radhi. Nilimkuta uani na karai lake.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Umeleta nguo za kufua?"

"Nimekuja unipe radhi yako, somo. Hii zawadi yako."

"Mimi dobi, bibie. Nyota wa sinema anamwomba dobi radhi?"

Akaichukua ile doti, mpya na wanga wake, akaitumbukiza majini. Akaisugua, akaikamua, akaianika. Wapangaji wenzake wakacheka. "Leo umepata dobi kweli!" mmoja akanirushia. Mimi nalia tu.

Alipomaliza akanitazama kwa mara ya kwanza, na sauti yake ikalainika. "Haijakauka. Njoo kesho uichukue, tuzungumze."

Kesho yake niliitwa kupigwa picha za filamu ya pili. Nikajiambia, somo yupo, haendi popote. Nikaenda kupigwa picha. Filamu hiyo haikutengenezwa, na ile ya kwanza ilisahaulika kabla ya mvua za vuli.

Nilirudi baada ya wiki. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Jirani akanitolea ile doti, imekunjwa, imepigwa pasi.

"Alikungoja kutwa nzima," akasema. "Wali alikupikia. Juzi tumemzika."

"Aliniachia neno?"

"Alisema tu, mwari wangu akija, mpeni."

Masheikh wamenielekeza kutubu, kumwombea na kumtolea sadaka. Yote nimeyafanya, na Mungu ni mwingi wa rehema. Kanga zile sijazivaa hata siku moja. Kila Shaabani, watu wakiombana radhi kabla ya mfungo, huzitoa sandukuni, huzifua kwa mkono wangu na kuzianika uani. Kisha huketi palepale mpaka zikauke.