Chetezo cha Tongoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikuchimba kitu. Nilifika kwenye magofu ya Tongoni na mwiko mpya mkononi, nikamkuta mkuu wetu, Mhifadhi wa Mambo ya Kale, amekaa juu ya ndoo anangoja. Bi Mwanahamisi wa pale kijijini alikuwa akifukiza ubani makaburini, na desturi ilikuwa jembe lisiguse ardhi kabla moshi haujaisha.

"Kaa, binti," mkuu akaniambia. "Hapa wenyewe hupigiwa hodi kwanza."

Nikakaa, mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga mjini, niliyezoea ubani wa harusi tu. Moshi ulipita taratibu kwenye nguzo za makaburi, nikahisi nimeingia katika ndoto ya mtu mwingine. Hisia hiyo haikuniacha miaka yote ya kazi.

Kuchimba kwetu ni kushuka tabaka kwa tabaka, na kila rangi ya udongo ina zama zake. Msimu mmoja, chini ya sakafu ya chokaa, nikatoa chetezo cha udongo, kizima, tumboni bado kina masizi. Bi Mwanahamisi alikipokea kwa mikono miwili akalia. Alitaka akitumie kufukizia pale pale.

"Hiki kimestaafu, bibi," mkuu akasema. "Kikiona moto kitapasuka."

Kikaenda makumbusho, Tanga mjini, kikawekwa kwenye kabati la kioo. Baadaye nami nikahamishiwa huko, nikaacha mwiko nikashika funguo, mwishowe nikawa mkurugenzi. Kila Shaabani, Ramadhani ikikaribia, Bi Mwanahamisi alikuja kusimama mbele ya kabati.

"Mwanangu, bado hamjakifungulia?"

Mwaka mmoja alikuja akishikwa mkono, macho yamekwisha, na hakuuliza. Aliweka kiganja kwenye kioo tu. Roho iliniuma, nikaamua kukitoa. Wenzangu walinionya kwamba kikipasuka sina kazi, na walisema kweli.

Nilifungua kabati, nikakipakata hadi Tongoni pamoja naye. Nikatia kaa dogo la moto, yeye akatia ubani, tukatega masikio tusikie kinavyopasuka. Ukaja moshi tu, naye akacheka kama msichana.

Sasa nimestaafu, na yeye amelala makaburini kule kule Tongoni. Kila Shaabani napanda bodaboda hadi makumbusho, nabisha hodi kwenye ofisi iliyokuwa yangu. Mkurugenzi mpya husimama, funguo mkononi, hunifungulia kabati.

"Shikamoo, mama. Kitarudi lini?"

"Marahaba, mwanangu. Moshi ukiisha."