Moshi wa Siku Tatu Mitundu

Winfrida alikuwa mtu wa Ihanja, lakini kazi ilimpeleka Mitundu, kwenye mradi wa kulinda misitu. Kila mchana alifungua kompyuta, akatazama picha za setilaiti: moto unawaka wapi, upepo unapeleka moshi wapi. Kisha akawapigia simu wenyeviti wa vijiji kuwatahadharisha. Alifanya kazi peke yake chumbani. Siku nyingine hakuonana na mtu mpaka jioni.

Jioni alikuwa na Rebeka, mama mwenye nyumba, mjane mfuga nyuki. Walikaa jikoni wakichambua mlenda, Rebeka akimwita mwanangu.

Agosti hiyo moshi ulifunika kijiji siku tatu. Watoto walikohoa, nyuki wakahama. Mizinga kumi na minne ya Rebeka ikabaki mitupu. Watu wakasema aliyechoma pori ni Gaspari, mfugaji aliyehamia mwaka juzi. Mkutano ukaitishwa ili afukuzwe.

Mwenyekiti Samweli akamgeukia Winfrida. "Wewe ndiye mtu wa moshi. Tuambie."

"Shikamooni wazee. Moto ulianza Jumatatu kusini-mashariki, mbali, zaidi ya kilomita sabini. Moshi umeletwa na upepo. Hapa kwetu sikuona moto."

"Na kama aliwasha mdogo?" mtu akauliza.

"Mdogo unaweza kunipita. Lakini moshi wa siku tatu hautoki kwenye moto mdogo."

Rebeka akasimama. "Kwa hiyo nyuki wangu kawafukuza nani?"

"Simjui, mama. Ila siyo Gaspari."

"Tunakula chungu kimoja, halafu unamtetea mgeni?"



Gaspari hakufukuzwa. Kesho yake alileta maziwa, akashukuru akiwa amesimama uani, hakutaka kukaa. Kabla ya wiki kuisha alikuwa amehamisha ng'ombe wake. Alisema mahali ulipokwisha kushukiwa hapalaliki.

Rebeka aliendelea kuitikia shikamoo. Marahaba, basi. Mlango wa jikoni ukawa unafungwa mapema. Winfrida akawa anapika chumbani kwake, anakula akitazama ukuta. Dada yake Flora alimwambia kwenye simu arudi nyumbani.

"Msimu wa moto haujaisha," akajibu.

Mwisho wa Septemba alipata chumba kingine karibu na barabara. Rebeka alisimama mlangoni akimtazama anavyotoa vitu.

"Umechukua vyote?"

"Nimechukua, mama."

"Haya."

Mchana ule ule, vitu vikiwa bado havijapangwa, alifungua picha. Moto mpya ulikuwa umeshika magharibi ya kijiji, lakini moshi ulikuwa unakwenda zake Tabora. Akampigia Samweli.

"Leo hautatufikia, mwenyekiti."

"Sawa, tumesikia," Samweli akasema. Winfrida alitaka kumuuliza habari za nyumbani kwake, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.